Boksi Lililomuuliza Hajati Anaishi Wapi

Wakubwa wa kampuni za mashine za gemu hawakupata kukutana na Hajati, na kwa maoni yangu walipona. Angewapata nusu saa tu, pale mbele ya duka lake Bwera, wangerudi makwao wameomba radhi hata kwa makosa ambayo hawakuyafanya.

Nilimfahamu miaka ile nilipokuwa karani wa wakala mmoja wa forodha huko mpakani mwa Uganda. Mimi ni mtoto wa kambi. Baba alikuwa askari, na Kiswahili nilikipata kambini Kasese pamoja na amri zake na matusi yake. Kazi ikiisha, nikisubiri gari la mizigo la kunirudisha Kasese, nilipita kwa Hajati. Duka lake lilikuwa na milango miwili. Kwenye wa kushoto aliuza vitenge na mashuka. Kwenye wa kulia palikuwa na televisheni kadhaa, mabenchi, mashine za gemu na kelele. Yeye aliweka kiti chake cha plastiki katikati ya milango hiyo, akawa anampimia mteja kitambaa kwa mikono huku anamnyamazisha mchezaji kwa jicho.

Vitambaa alivijua vizuri sana, na kwa hiyo kila kitu duniani alikipima kama kitambaa. Mashine mpya, yeye akiiita boksi, ikifika hakuuliza ina nguvu kiasi gani. Aliigeuza chini juu kutafuta mshono. Alipapasa waya zake, akanusa plastiki, kisha akatoa hukumu kwa sauti ambayo hata waendesha bodaboda waliokuwa nje waliisikia.

"Bajapani beko na adabu," aliniambia siku moja, ameshika waya uliofungwa vizuri bado. "Angalia vile banakunja hii. Mutu mwenye anakunja waya hivi, hata bibi yake hana shida kwa nyumba."

"Kwa hiyo Wajapani ndio bora, Hajati?"

"Nani amesema bora? Beko na kiburi. Boksi yao mupya inakataa sidii ya boksi yao ya zamani. Sasa mutu akizaa mutoto wa pili, ule wa kwanza anatupwa?"

Kwa Wamarekani alikuwa na shauri lingine. Aliwaheshimu kwa nguvu zao na hakuwasamehe kwa ukubwa wa vitu vyao. Aliinua chaja ya mashine yao kwa mikono miwili, akaniuliza, "Hii ni chaja ao tofali?" Nikasema ni chaja. Akaitia mkononi mwangu niipime uzito mwenyewe, nami nikaongeza mkono wa pili.

Sasa niseme habari ya vile vitambaa vya kufuma. Kwetu kitu cha heshima sebuleni hakikai uchi. Redio inafunikwa, televisheni inafunikwa, makochi yanafunikwa, kila kimoja na kitambaa chake cheupe chenye maua pembeni. Hajati alizifunika mashine zake zote, na alizifunika zikiwa zinafanya kazi. Alifuma kwa mkono wake, uzi mzito, maua yaliyobanana, kazi safi. Baada ya mechi chache mashine zilipata joto, zikanguruma, zikazimika katikati ya penalti. Hajati akatangaza kwamba Bajapani wanauza mashine zenye homa.

Nilimweleza kwamba mashine zinapumua kupitia yale matundu ya pembeni, na kitambaa kimeyaziba. Alikipapasa kitambaa chake. "Sasa balipotengeneza hii kitu, hawakujua mutu ataiweka kwa sebule?" Nikasema kwao labda hawafuniki. "Si wangeuliza," akasema, na kwake mjadala ukaishia hapo. Lakini wiki iliyofuata nilikuta amefuma vitambaa vipya, vya matundu makubwa kama wavu wa goli, na mashine zikapona. Mpaka leo sijui kama alishindwa yeye au walishindwa Wajapani.

Waliotengeneza gemu za mpira aliwasema kuliko wote. Kila mwaka wanatoa gemu mpya, na kila mwaka Hajati alisimama nyuma ya wachezaji, mikono kiunoni, akaitazama kwa dakika chache. "Hii ni kanzu ya mwaka jana," alisema. "Bamebadilisha vifungo." Tena alikuwa na malalamiko yake binafsi kuhusu viwanja vyao. Mvua inanyesha lakini hakuna matope. Uwanja umejaa watu lakini hakuna anayeuza karanga. Mchezaji anaanguka, anainuka, bukta yake bado ina pasi.

Ungedhani mtu mwenye maneno hayo hanunui. Hajati alikuwa wa kwanza Bwera nzima kuagiza hiyo kanzu yenye vifungo vipya. Aliwapigia simu madereva wa malori wa msikitini kwao, wale wanaopanda na kushuka Kampala, akawasumbua mpaka sidii ikaletwa imefungwa ndani ya leso. Nikimkumbusha maneno yake, alijibu kwamba ili kumsema mtu vizuri lazima kwanza umfahamu.

Chumba chake kilikuwa na sheria ambayo sijaikuta mahali pengine. Kote nilikopita, aliyefungwa anainuka na mshindi anabaki. Kwa Hajati ilikuwa kinyume: mshindi anainuka, aliyefungwa anabaki na padi ya kuchezea mkononi. "Huyu amekwisha jua," alisema, akimsukuma mshindi kwa unyayo. "Aache mwenzake ajifunze."

Ilikuwa sheria ya huruma, na ilizaa uhuni mkubwa. Palikuwa na askari mmoja wa kambini, tuliyemwita Koplo, mtu mrefu kutoka kaskazini aliyekuja Bwera kila alipopata ruhusa. Koplo alikuwa hodari wa mpira wa kwenye televisheni na hakupenda kuinuka. Basi akagundua kwamba akijifunga mwenyewe anabaki kwenye benchi jioni yote. Wenzake wakajifunza. Nimeona kwa macho yangu mechi ya wanaume wawili wazima, kila mmoja anakimbiza mpira kwenye goli lake, anamkwepa mwenzake asiuokoe, na watazamaji wanamshangilia kipa anayekosea. Hajati alidhani ndio mtindo mpya wa Ulaya. Siku alipoelewa, alizima umeme wa chumba kizima, akawatoa wote nje, akamsimamisha Koplo mlangoni.

"Afande, kwa kambi yenu munajipiga risasi wenyewe?"

"Hapana, Hajati."

"Basi hapa hakuna kujifunga. Mutu akijifunga, batu wawili wanatoka."

"Ndiyo, Hajati." Nadhani alikaribia kupiga saluti.

Gemu za vita alizipiga marufuku. Koplo aliomba kila alipokuja. "Hajati, weka ile ya bunduki! Haraka, ruhusa inaisha!" Naye alimjibu vilevile kila mara, bila kuinua macho kwenye kitenge anachokunja: "Risasi umeacha kambini, afande. Hapa kuna mupira." Aliwalaumu waliotunga gemu hizo kwamba ni watu ambao hawajawahi kukimbia usiku na godoro kichwani. Alilisema hilo bila utani, na hata Koplo hakuendelea.

Kitu kimoja alikuwa anatuficha. Alishikilia kwamba yeye hachezi. Mambo ya padi ni ya vijana, yeye ni mfanyabiashara. Asubuhi moja nilipita mapema kununua shuka, nikamkuta amevaa miwani, ameinamia televisheni, anavuna ngano kwa trekta kubwa. Gemu ya ukulima. Aliniona, hakustuka hata kidogo.

"Ninapima padi," alisema.

Aliendelea kuipima mpaka shamba zima likaisha, kisha akapima na kuuza mazao. Shuka yangu nilijikatia mwenyewe. Alipomaliza akaanza kuwalaumu waliotengeneza. "Shamba gani hii? Haina tembo. Haina nyani. Haina mutu wa kuja na pikipiki kununua mahindi kwa bei ya wizi. Hawa hawajalima." Nikamuuliza habari za shamba lake la kweli, lile la Karusandara. Akasema magugu yako salama, na akaniuliza kama nimekuja kununua ama kuhoji.

Huyo ndiye Hajati kabla ya boksi jipya.

Lilikuja kutoka Dubai, kwa mkono wa jamaa yake mmoja mwenye biashara ya kusafirisha mizigo. Lilikuwa la toleo jipya kabisa, na hakuna mwingine Bwera aliyekuwa nalo. Tulilifungua Ijumaa baada ya swala, chumba kimejaa mpaka dirishani. Hajati alikagua mishono, akaridhika, akatandika kitambaa chenye matundu, akamkabidhi Koplo padi. Boksi likawaka. Likaomba mtandao, nikaliunganisha na wa simu yangu. Likauliza lugha, Koplo akachagua Kiingereza. Kisha likauliza: unaishi nchi gani? Chini yake kulikuwa na majina ya nchi.

Koplo akateremka nayo. Tulifika herufi ya U. Tukaiona Ukraina. Tukaiona Uruguay. Uganda haikuwepo. Akarudi juu, akashuka tena polepole, labda tumeiruka. Mtu mmoja akasema tutafute kwenye K, pengine wameandika Kampala. Tukatafuta. Koplo akaweka padi mapajani.

"Andika Uingereza, Hajati," vijana wakaanza. "Kila mutu anaandika Uingereza!" Wengine wakataka Marekani, wakidai kule gemu ni nyingi. Ikawa kelele ya kuchagua pa kuhamia.

"Zima," akasema Hajati.

Tulicheka, tukidhani anatania. Alikuwa amesimama, na mkono wake umeshika pindo la mtandio.

Ndani ya pindo hilo, kwenye karatasi ya nailoni, alifunga kitambulisho chake cha taifa. Wote mle ndani tulijua alivyokipata. Wakati wa kuandikisha raia alipanga foleni kama wengine, na alipofika mezani akasalimia. Kiswahili cha Bwera kina "iko" zake na "beko" zake, kama cha ng'ambo, maana mpaka ni mto tu, uko pale pale, na watu wanaoana na kuzikana pande zote mbili. Afisa aliyekuwa mezani, mtu mgeni huku, alisikia maneno mawili akainua kichwa. Akamuuliza alivuka lini. Hajati akasema hakuvuka. Akamuuliza ni wa upande gani wa mto. Akamtuma alete mwenyekiti wa kijiji, akamleta. Akamtuma alete mzee wa ukoo, akamleta. Akamwambia arudi wiki nyingine. Waliokuwa nyuma yake kwenye foleni, waliokuwa wakinunua mashuka kwake, walicheka, si kwa ubaya, lakini walicheka. Kitambulisho kilitoka mwishowe. Tangu siku hiyo hakukiacha nyumbani.

Vijana walipoondoka nilibaki nikajaribu kumsihi. Nikamwambia ni mashine tu, Hajati, haiendi kumwambia mtu. Bila kujibu swali lile boksi halitafungua wachezaji wapya wala timu mpya, na bila hizo ni tofali ghali.

"Mutoto wa kambi," alisema, "mimi nilisema kweli kwa ile meza, hawakuniamini. Sasa hii boksi inataka niseme uongo ndiyo iniamini? Hapana."

Akataka niwaandikie wenye kampuni. Kwenye simu yangu palikuwa na mahali pa kuzungumza na watu wao wa huduma, nami nikaandika kwa Kiingereza aliyonituma. Akajibu mtu mwenye adabu sana, aliyefurahi kutuhudumia. Nikamweleza shida. Akasema wanawapenda wachezaji wao duniani kote, lakini kwa sasa huduma haijafika eneo letu. Tafadhali tuchague nchi tunayoishi kati ya zile zilizoorodheshwa.

Nikamsomea. Hajati akavuta kiti karibu. "Nichague kwenye ninaishi? Si ndiyo ninamwambia! Mwambie Bwera. Mwambie, ukitoka Kasese, unakuja na barabara mpaka mwisho."

Nikaandika. Yule mtu akashukuru kwa maelezo, akarudia alilosema.

"Muulize, kama sisi hatuko, hii boksi yake imekaa juu ya nini?"

Hilo nililiandika kwa furaha. Jibu lilichelewa kidogo, kisha likaja: anasikitika, na je, kuna jambo lingine la kutusaidia? Mwisho simu ikatuomba tumpe nyota kwa huduma. Nilikuwa tayari kumnyima zote. Hajati akanishika mkono. "Mupe zote. Ni mutoto wa batu, iko kwa kazi." Nikampa zote.

Basi boksi likakaa. Hajati aliliwasha kwa sidii peke yake, na sidii ilikuja na timu za zamani, wachezaji waliokwisha kuhama, jezi za msimu uliopita. Ng'ambo ya barabara kijana mmoja akafungua chumba chake. Boksi lake liliishi Marekani tangu siku ya kwanza, na halikuona haya. Timu zilikuwa mpya kila wiki. Vijana wakaanza kuvuka mmoja mmoja, wakipita mbele ya kiti cha plastiki na salamu ndefu kuliko kawaida. Koplo ndiye aliyekaza. Aliendelea kuja, akafunga, akainuka, akabaki hana wa kumpokea padi. Kisha akahamishiwa kambi nyingine.

Nilimwonea huruma, na nilimkasirikia pia. Vitenge vingemlisha, si hilo. Lakini zile kelele ndizo zilizokuwa maisha yake, na nilimwona anavyokaa jioni amegeuza uso upande wa mashuka ili asisikie shangwe za ng'ambo. Nikasema tena: andika Uingereza, Hajati, tafadhali. Akaniuliza kama nimekosa gari la kurudi.

Mimi nami nikahama. Wakala alifungua ofisi Kasese mjini, upande wa Nyamwamba, nikawa sina sababu ya kwenda mpakani. Ilipita miaka, pengine miwili au zaidi. Siku moja ya soko nilitumwa Bwera kufuatilia mzigo, nikasikia kelele zile kabla sijaliona duka. Kiti cha plastiki kilikuwa katikati ya milango. Mlango wa kulia ulijaa migongo ya watu, na juu ya vichwa vyao niliona timu za msimu huu huu.

Alinisalimia kana kwamba nilitoka jana, akanilaumu nimenenepa, akaniuliza kuhusu mama. Mimi nilikuwa naitazama ile televisheni.

"Hajati. Umeandika nchi gani?"

"Mimi? Sijaandika kitu."

"Boksi linafanya kazi."

Akacheka, akanivuta nikae. Alisema aliugua malaria, akalala siku kadhaa sebuleni na boksi, alilokuwa amelirudisha nyumbani, liko mbele yake chini ya kitambaa, na kwa kukosa wa kuongea naye akaanza kuongea na lenyewe. Akaliuliza maswali aliyoulizwa yeye kwa ile meza. Ulivuka lini? Mwenyekiti wa kijiji chako ni nani? Mzee wa ukoo wenu yuko wapi, mulete. "Haijui kitu," aliniambia, macho yanameta. "Hata moja! Nikasema, aa, sasa kati yetu sisi wawili, mwenye hana kwao hapa ni nani?"

Alipopona alimwita fundi mmoja, akamwambia aliandikishe boksi kwa jina la boksi lenyewe. Nchi, akamwambia, andika ile unapenda, ni kwao, si kwangu. Jina la mwenye akaunti akasema aandike Mugeni.

Nilicheka mpaka nikafuta machozi. Nikasema hiyo ni hila ya wakili. Yeye aliacha kucheka kabla yangu.

"Iliniuma, mutoto wa kambi," alisema. "Usione ninacheka. Ile siku vijana banasema twende Uingereza, twende Marekani, hakuna hata mmoja alisema, lakini sisi tuko hapa. Hata wewe."

Nilimshika mkono, naye akauacha ushikwe.

Umeme ukakatika, vijana wakaguna, kisha ukarudi. Boksi likaanza upya, na chumba kikatulia kidogo kusubiri. Kwenye kioo yakaja maneno makubwa ya Kiingereza, na kijana wa mbele akayatafsiri kwa sauti, kwa mzaha, kama inavyoonekana walikuwa wamezoea: "Hajati, inasema karibu tena, Mugeni!"

Hajati aliinuka kwenye kiti, akapenya katikati ya migongo mpaka akafika mbele ya televisheni, akakinyoosha kile kitambaa juu ya boksi.

"Hapana," aliliambia. "Hapa mwenye kukaribisha ni mimi."